Jiwe la Mlangoni Linarudi Kwao

Jericho, Nairobi
Ijumaa, saa kumi jioni

Nekesa mwanangu,

Ninakuandikia ukiwa Kariokor. Umeenda kununua viatu vya akala, na ninavyokujua, utaanza kibanda cha kwanza, utavipitia vyote mpaka cha mwisho, kisha utarudi kununua pale pale pa kwanza. Nina muda wa kutosha. Mama yako yuko chumbani anapanga begi lako upya. Ulichoweka anakitoa, na ulichotoa anakirudisha. Kwa hiyo habari za maji ya kuchemsha, dawa za malaria na sweta la usiku mimi sizigusi. Hizo zimo katika mikono yenye nguvu kuliko yangu.

Mimi nataka tuzungumze juu ya lile jiwe linaloshika mlango wetu.

Unajua lilivyo jambo lenyewe. Kesho alfajiri unaondoka na watafiti kwenda Lokitaung, nilikoanzia ualimu, kwenye ile milima ya mwamba mwekundu, kutafuta mifupa ya dinosaria. Mkuu wa msafara wenu alikuambia hivi, nawe ukaniletea maneno yake kama yalivyo: baba yako akiweza kutaja mahali alipoliokota lile jiwe, asubuhi ya kwanza tutaanzia hapo. Asipoweza, bakini nalo lishike mlango. Tangu siku hiyo nimechora ramani. Umeziona. Ya kwanza inakwenda kaskazini, ya pili inakwenda magharibi, na ya tatu, kama ulivyosema kwa upole, inaingia Ethiopia. Jana uliponiaga ukaenda kulala, uliniambia, "Si kitu, Baba." Nilisikia kwamba ni kitu.

Sasa nina jibu. Ningeweza kuliandika hapa hapa juu na kukuachia uendelee na safari yako, lakini mimi nilikuwa mwalimu, na mwalimu hatoi jibu kabla hajaonyesha hesabu. Vumilia.

Tuanze na ile Jumapili, kwa sababu hujawahi kuisikia kutoka upande wangu. Mimi nilikuwa nyuma yenu, natoka kanisani pole pole na goti langu. Mama yako alifika kwanza, akakukuta umepiga magoti kizingitini, umelipindua jiwe, na ulimi wako umeuweka juu yake. Nilipoingia uani nilisikia sauti yake.

"Miezi mingapi?"

"Miezi mingapi ya nini, Mama?"

"Usinifanye mjinga, Nekesa. Mimi nimezaa. Mwanamke halambi jiwe bure."

Na Mama Halima, ambaye dirisha lake halijawahi kukosa habari tangu tuwe majirani, akatoa kichwa: "Kama mtoto anatamani odowa, mawe ya wajawazito, mbona asiseme? Ninazo za Gikomba, safi, hazina mchanga. Hilo la mlangoni limepakwa nta, litamdhuru."

"Ni nani?" mama yako akauliza.

"Ni dinosaria, Mama."

Kisha nikamsikia mama yako, kwa sauti ya mtu anayejikaza: "Dinosaria ni watu wa wapi?"

"Mkristo au Mwislamu?" Mama Halima akataka kujua.

Nilisimama nyuma ya kamba ya nguo nikicheka mpaka shuka ya jirani ikawa kitambaa changu cha kufutia machozi. Sikujua bado kwamba mzaha huo ulikuwa umekuja kunitafuta mimi. Uliponiona ulisimama. Uso wako ulibadilika, ukawa ule wa mtoto aliyevunja kikombe. Ukasema, "Baba, huu si mti."

Nikanyamaza. Ulidhani nimekasirika. Hukujua nilichokuwa nikifanya: nilikuwa nahesabu madarasa. Kila mwaka nilikuwa naibeba ile "kuni ya kale", yaani jiwe hili, mpaka shuleni, naipitisha dawati kwa dawati, nawaambia watoto, "Huu ni mti uliogeuka jiwe, shikeni muone." Nilifikiria wale watoto wote, sasa watu wazima, wengine wana watoto wao, wametawanyika kutoka Dandora mpaka Kakamega, kila mmoja ana mti wangu kichwani. Ilinibidi kwanza niwaombe radhi kimoyomoyo, na darasa lilikuwa refu.

Halafu nikapiga magoti nikalamba. Ulimi wangu ukanata! Nilikuwa na miaka hamsini na kitu, na nilifurahi kama mtoto aliyepewa pipi. Mama Halima naye akatoka, akasema bismillahi, akalamba, akapiga kelele. Vijana waliokuwa kwenye bomba la maji wakaja mbio. "Niaje, Mwalimu? Kumbe siku hizi munakula mawe?" "Wacha nionje hiyo mawe, Mwalimu, labda iko na chumvi!" Siku ile ploti nzima ililamba mguu wa mnyama.

Ulinieleza sababu, na nilipenda maelezo yako, kwa hiyo nitayarudia kama mwanafunzi mwema. Mfupa una vitundu vidogo vidogo vilivyopitisha damu. Mnyama akifa kando ya mto, na mchanga ukamfunika kabla hajamalizwa na walaji, maji yenye madini huingia mle taratibu, mpaka mfupa wote unakuwa jiwe bila kupoteza umbo lake. Hicho ndicho kisukuku. Lakini vitundu vingine hubaki wazi, na hivyo ndivyo vinavyofyonza mate na kuushika ulimi. Jiwe la kawaida halina haja na ulimi wa mtu. Nikakuambia ni kama chaki inavyonata mdomoni, ukasema, "Sawasawa kabisa, Baba," nami nikajiona nimefaulu mtihani.

Ninataka ujue kitu kuhusu kimya changu cha siku ile. Kuna wazazi wanaoogopa siku mtoto atakapojua zaidi yao. Mimi pia nilidhani nitaiogopa. Ilipofika, ilikuwa kama kutua mzigo begani na kugundua kuwa kuna mtu mwingine anayeweza kuubeba, tena anaubeba akiimba. Usiogope tena kuniambia nimekosea. Ukiona nimenyamaza, nipe muda nihesabu madarasa.

Lakini ukalipeleka jiwe chuo kikuu, na mwalimu wako akakuuliza swali ambalo sikulitarajia. Hakuuliza ni kitu gani. Alikwisha kuona: ncha ya mfupa wa mguu, wa mnyama mkubwa, pengine dinosaria. Aliuliza, "Limetoka wapi?" Ukajibu Lokitaung. Akasema, "Lokitaung wapi? Tabaka gani? Chini ya nini, juu ya nini?" Ukarudi nyumbani na jiwe, ukaniambia neno ambalo halijanitoka: mfupa usio na kwao ni bubu.

Hilo nililielewa mara moja, na sababu ni Dandora. Nilipohamishiwa shule ya kule, nilikuwa nikiwaambia watoto kwamba jalala lao ni kitabu cha jiografia. Chini kabisa kuna makopo ya zamani, juu yake chupa za juzi, juu kabisa mifuko ya plastiki ya leo asubuhi. Anayejua kusoma matabaka anaweza kusema watu walikula nini na walitupa nini, mwaka baada ya mwaka. Mvulana mmoja aliniambia, "Mwalimu, hiyo kitabu inanuka." Nikamwambia vitabu vingi vizuri vinanuka. Ndivyo ulivyo ule mwamba wa Lokitaung. Kabla ziwa la kule halijawa ziwa, mito mikubwa ilipita ikimwaga mchanga na kokoto, tabaka juu ya tabaka, mpaka uzito wake wenyewe ukaubana ukawa mwamba. Mimi nilirarua kipande cha ukurasa na kwenda nacho nyumbani bila kuangalia ni ukurasa wa ngapi.

Hilo ni kosa, lakini halinisumbui sana. Nilikuwa mwalimu mpya, na hakuna aliyekuwa ameniambia. Kosa linalonisumbua ni jingine, nalo nimelifanya mbele yenu nyote, tena kwa furaha, kila Krismasi.

Unakumbuka ninavyoisimulia hadithi ya jiwe. Napanda mlima peke yangu. Upepo unavuma. Chui ananitazama kutoka mwambani, mimi namtazama, yeye anaona haya anaondoka. Nafika kileleni, jua linazama upande wa pili, na pale, kwenye kilele cha juu kabisa, jiwe linaningoja. Watoto wa ploti walikuwa wakipenda sana yule chui. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiniuliza alikuwa na madoa mangapi. Basi kila mwaka chui akanenepa na mlima ukarefuka. Ulipokuja na swali la mwalimu wako, nikaingia kichwani kuchukua ile siku yenyewe, nikamkuta chui amelala mlangoni. Ndani hapakuwa na kitu kingine. Ramani zangu zote tatu zilikuwa ramani za hadithi.

Sasa sikia ya leo mchana.

Ulikuwa umekwenda kuwaaga rafiki zako. Nilikuwa mezani na ramani ya nne. Mama yako alikuwa anakunja lile sweta la kijani alilokuchagulia Gikomba, akaja akasimama nyuma yangu.

"Hapo unachora nini, Baba Nekesa?"

"Kilele."

"Kilele cha nini?"

"Pale nilipoliokota jiwe."

Akacheka. Hakucheka kidogo, ilimbidi akae. "Wewe uliliokota kileleni? Wewe nilikutuma kuni!"

Nekesa, nilimgeukia mama yako kana kwamba nimemwona leo. Kwa sababu mara tu aliposema kuni, kitu kilijongea kichwani mwangu.

"Nilikuwa na mimba ya Nekesa," akasema, "siwezi kuinama, na shule ilikuwa imefungwa kwa wikiendi. Nikakuambia, Mwalimu, leo kuni ni zako. Ukatoka baada ya chakula. Ukarudi jua halijazama, begani huna kuni, una jiwe. Nikakuuliza, kuni ziko wapi? Ukaniambia, ndiyo hii, ila imechelewa kidogo."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema hivyo. Nilitaka kukupiga nalo."

"Na chui?"

"Chui gani? Suruali ilikuwa imepasuka makalioni. Uliniambia umeteleza ukingoni mwa korongo, ukashuka mpaka chini kwa kukaa. Niliishona mimi hiyo suruali."

Niliweka kalamu chini. "Ulikuwa mlangoni nilipokuja?"

"Nilikuwa mlangoni. Nilikuona kutoka mbali, umekunja uso hivi, jua linakupiga machoni, nikasema moyoni, anakuja na hasira, kumbe ni jua. Na suruali imelowa mpaka magotini. Mimi nikauliza, wewe umepata wapi maji ya kuchezea na sisi tunakosa ya kunywa?"

Umeona, mwanangu? Wewe ni msomi wa mambo haya, umekwisha kuona. Jua la jioni linampiga mtu machoni akiwa anaelekea magharibi. Kwa hiyo nilikuwa natoka mashariki, upande wa ziwa. Si kileleni, ni korongoni. Si mbali, kwa maana nilikwenda na kurudi katika alasiri moja, na wakati wa kurudi nina mzigo begani. Na chini ya korongo palikuwa na maji. Mambo haya yote yalikuwa humu humu nyumbani miaka yote hii, yamekaa ndani ya mama yako, na mimi sikuwahi kumwuliza kwa sababu nilikuwa nimeshika zamu ya kusimulia.

Tukaenda sote wawili mlangoni. Nikalipindua jiwe. Unajua upande wa juu mama yako ameupaka ile nta nyekundu ya sakafu kila Jumamosi mpaka linang'aa kama kiatu cha askari, lakini upande wa chini uliusugua wewe kwa ajili ya ulimi. Hapo pembeni, karibu na mvunjiko, kuna kokoto nyeupe zimeng'ang'ania, kama meno ya mtoto. Nilizitazama, na nilimwona yule kijana, mimi, ameketi matopeni, suruali imechanika, anatazama juu ya kichwa chake ukuta mwekundu wenye mkanda mweupe wa kokoto, na chini ya mkanda, kitu cha mviringo kimetokeza. Hapakuwa na upepo. Kulikuwa na joto, na nzi, na aibu kidogo. Nilikipiga kwa jiwe jingine, kikavunjika, nikakibeba kwa sababu sikutaka kurudi mikono mitupu kwa mke wangu. Nekesa, hiyo ndiyo siku yenyewe. Ni nzuri kuliko ya chui. Sijui kwa nini nilidhani inahitaji chui.

Kisha mama yako akaniambia la mwisho, huku akijifanya anatazama nguo kwenye kamba. "Na mimi nililamba."

"Ulilamba nini?"

"Hilo jiwe. Jioni ile ile. Nilikuwa na hamu ya odowa nafa, na kule Lokitaung utapata wapi? Ulipoingia kunawa, nikalilamba. Likanishika ulimi. Nikasema, hili jiwe lina roho mbaya, nikaliacha. Ndiyo maana nilipomwona Nekesa pale chini…" Hakumaliza, alikuwa anacheka tena.

Kwa hiyo usijivune sana. Ulimi wa kwanza wa uchunguzi katika familia hii ni wa mama yako, na wewe ulikuwepo, tumboni. Wewe na huo mfupa mmekuwa nyumba moja tangu kabla hujawa na jina.

Basi jibu ni hili. Kutoka shuleni, elekea jua linakochomoza. Usipande; shuka. Fuata ukingo wa korongo mpaka utakapoona panapotuama maji baada ya mvua. Hapo tazama ukutani utafute mkanda wa kokoto nyeupe, na chini yake mwamba mwekundu. Siwezi kukuahidi kwamba mkanda huo utakuwa pale pale. Mvua za miaka mingi zimepita. Lakini kama sehemu iliyobaki ya mfupa ingali ukutani, ina mvunjiko, na mvunjiko wa pili unao wewe. Uweke huu juu ya ule. Mivunjiko ikilingana, utajua kabla hata ya kulamba. Ila lamba tu, kwa heshima ya mama yako.

Nitakuambia na jambo moja ninalolijutia kule, moja tu. Baada ya siku ile nilikaa Lokitaung miaka mingine mitatu. Korongo lilikuwa mwendo wa alasiri. Sikurudi hata mara moja. Nilidhani nimeshaliona. Nilikuwa nasubiri barua ya uhamisho, nikiamini maisha yangu yananingoja Nairobi yamevaa suti. Nairobi imenitendea mema, sina malalamiko. Lakini kila mahali nilipopaona mara moja nikadhani nimepamaliza, baadaye nimegundua sikuwa nimepaona. Ndiyo maana nafurahi hivi kwamba unakwenda wewe. Unakwenda kurudi kule kwa niaba yangu, na hutaanza na chui.

Utaandika kila kitu siku ile ile, najua, mmefundishwa. Andika na yale yasiyopendeza, suruali na nzi. Na ukipata mtu aliyekuwa amesimama mlangoni, mwulize alichokiona.

Sasa nasikia sauti yako uani. Unabishana na Mama Halima kuhusu bei ya akala, anakuambia umeibiwa, na wewe unacheka. Ulirudi kibanda cha kwanza, sivyo?

Jiwe utalikuta ndani ya begi, katikati, limevikwa lile sweta la kijani. Mama yako amelifunga mwenyewe. Kabla ya kulifunga alichukua kitambaa na kulitoa nta yote, akiwa amepiga magoti pale kizingitini, akasema halifai kurudi kwao limejipaka rangi. Alipolinyanyua, mlango ulijibamiza kwa kishindo mpaka Mama Halima akauliza kuna nini kwetu. Tulikuwa hatujawahi kuusikia ukijifunga. Hatukujua mlango wetu una nguvu hivyo.

Mama yako ameweka pasi ya makaa pale. Ni nzito ya kutosha. Mlango uko wazi.

Baba yako